Tyublesi za Fundi Sefu

Habari ya kufa kwa Fundi Sefu ilinikuta nimechuchumaa mbele ya gurudumu la mteja, mikono imejaa povu la sabuni. Aliyenipigia simu ni Bi Pili, mhudumu wa afya wa Kibiti ambaye siku hizi amestaafu, na kazi yake kubwa ni kutuarifu nani kafa na nani kaoa. "Somoe, mwanangu, mwalimu wako katangulia," akasema. Nikasema Innalillahi wa inna ilayhi rajiun, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, nikauliza hitma ni lini, nikakata simu, nikamaliza gurudumu la mteja. Sikulia. Nilichokisikia kifuani hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, ileile ya miaka kumi na minane, imekaa palepale nilipoiacha na wala haijazeeka. Mimi nimezeeka, navaa miwani hata kutafuta tobo la mwiba, lakini hasira yangu kwa Fundi Sefu bado ni msichana. Watu watasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Nitasema aliyoyafanya tu, ubaya wasomaji watauona wenyewe.

Nilikwenda Kibiti siku ya hitma. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake tumejaa ndani juu ya mikeka, joto linatuchemsha, na kila aliyeingia alisogezewa nafasi kwa magoti. Nyuma yangu walikaa wawili wananong'ona kwa ile sauti ya mtu anayetaka asikike. "Huyu si ndiye yule Somoe?" "Ndiye. Ana karakana yake Mbagala, anatengeneza mpaka baiskeli za Wazungu." "Kumbe! Na kafundishwa hapahapa na marehemu?" "Hapahapa. Marehemu kaacha matunda." Nikaushika mtandio wangu kwa meno nisije nikageuka. Matunda! Mti gani huo unaozaa huku ukimpiga matawi anayechuma? Kama kuna kitu Fundi Sefu alinifundisha kwa makusudi, basi ni jinsi ya kutukanwa tangu asubuhi mpaka alasiri bila kudondosha spana. Mengine yote niliyaiba kwa macho. Na moja nililijua kabla sijamjua yeye, na hilo ndilo lililotuvunja.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemkimbia mume Maparoni, na habari za mume huyo siziandiki, hazistahili wino. Kaka yangu wa Kibiti alinipokea kwa sharti moja, alilitamka mlangoni kabla sijaweka kapu langu chini: "Hapa utakaa ukiwa na kazi. Siku ukikosa kazi, unarudi Maparoni kwa mumeo, na mimi ndiye nitakayekupandisha boti." Hakuwa anatania. Basi nikazunguka Kibiti nzima, kwa mama lishe, kwa mashine ya kukoboa mpunga, kwa washonaji, kote wana watu wao, mpaka nikafika kwa Fundi Sefu, ambaye vijana wake wawili walikuwa wamemwacha wakaenda Dar kuendesha bodaboda. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Unajua nini?" Nikasema najua kuziba pancha, nimeziba ya baiskeli ya kwetu tangu mdogo. Akacheka, akasema, "Mwanamke akishika spana ringi inapinda. Lakini sina mtu. Anza kwa kufagia." Tangu siku hiyo hakuniita Somoe hata mara moja. Aliniita Mkimbizi. Mkimbizi lete pampu, Mkimbizi ondoa kivuli chako hapa. Wateja nao wakalishika jina, hadi watoto wa shule.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha tofali za saruji kando ya barabara kuu, bati juu, dari hakuna, ikifika saa sita mtu unaiva. Ringi zilining'inia ukutani kwa misumari, tairi kuukuu zimerundikwa kwenye pembe, kompresa moja yenye sauti ya kikohozi, na katikati benchi refu la mninga ambalo Fundi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulikalia. Mimi nilifanya kazi chini, juu ya kipande cha boksi. Mlangoni palikuwa na beseni la maji la kupimia pancha, na kando ya beseni kikapu cha ndimu. Ndimu hizo ndizo zilizompa Fundi Sefu jina toka Kibiti mpaka Mohoro. Kila ringi iliyoingia kwake aliisugua kwa ndimu na majivu, kutu ikatoka, mafuta yakatoka, ringi ikang'aa kama sahani ya arusi. Na hakuisuuza. "Maji yanarudisha kutu," alikuwa akisema, "ndimu iache ikauke yenyewe." Watu walisema huyu ana mkono, na kusema kweli ringi zake zilipendeza. Kwa tairi la tyubu ndimu haina madhara yoyote, tyubu imekaa kati. Mchana mkewe, Bi Havijawa, alileta sinia la wali na samaki wa ng'onda kwa mchuzi wa nazi. Fundi alikula kwanza, taratibu, anachambua miiba na kusimulia mafundi wote waliowahi kumwonea wivu. Mimi nilikuja kula yaliyobaki. Bi Havijawa alikuwa akinifichia mnofu chini ya wali, upande wa mbali na mumewe, na hakuwahi kunitazama usoni alipofanya hivyo.

Baiskeli zilikuja kabla ya mvua za vuli. Zilikuwa kumi na mbili, za milimani, tairi nene zenye meno, zimeletwa na mradi mmoja kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaokwenda vijijini njia ya Nyamisati na kule ndani karibu na delta. Njia hizo zimejaa mbigili, na mwenye kuijua mbigili anajua: baiskeli ya tyubu inakwenda maili mbili inapiga pancha tatu. Ndiyo maana hizi zilikuwa tyublesi, tairi zisizo na tyubu ndani. Aliyekuja nazo aliitwa Bwana Edgari, msimamizi wa mradi kutoka Dar, mwembamba, mpole, shati limechomekewa. Alitufundisha asubuhi moja tu. Unabandika utepe ndani ya ringi kufunika matundu yote ya spoku, unaubana kwa kidole gumba usiache hata kikunjo. Unatoboa tundu dogo, unapachika valvu, unaifunga kwa mkono bila spana. Unavisha tairi, unapaka maji ya sabuni kwenye kingo zake, unapiga upepo wa nguvu wa kompresa mpaka usikie pa! pa!, hapo kingo zimekaa. Kisha unatoa kile kijipini cha ndani ya valvu, unamimina dawa, nyeupe kama tui, unarudisha, unajaza upepo, unazungusha na kulaza gurudumu kila upande ili dawa ifike kote. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia pale penye tobo, inaganda, basi. "Ndani kuwe kusafi," Bwana Edgari akasema, "maji na sabuni tu, msiweke kitu kingine." Fundi Sefu muda wote ule alikuwa amekaa kwenye benchi lake anachokonoa meno. Alipoulizwa kama ameelewa alijibu, "Bwana mdogo, mimi nimeanza kufunga magurudumu wewe hujaota meno."

Bwana Edgari alipoondoka, Fundi alivuta kikapu cha ndimu. Akasugua ringi zote ishirini na nne kwa ndimu, na kingo za tairi kwa ndani akazisugua vilevile, zile nyama za ndimu zinabaki humo zinanatanata. Mimi nilikamua na kukata. Siku hiyo sikuona kosa. Nilikuwa nimechoka na kidole gumba kinaniuma kwa utepe.

Wiki haikuisha, baiskeli zikaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa Bi Pili, anaisukuma yake kutoka njia ya Nyamisati, jua la saa saba, sanduku la chanjo kichwani kwa sababu hakutaka kulitikisa kwenye njia ya mawe. Tairi zote mbili zimelala. Alikaa kizingitini, akaomba maji, akanywa kata mbili bila kupumua. "Fundi, mmenitengenezea baiskeli au mmenipa mzigo?" Fundi Sefu akaruka. Hakutafuta hata sekunde moja. "Muulize Mkimbizi! Utepe kabandika yeye, valvu kafunga yeye. Mtu ambaye hata ndoa ilimvujia, upepo utamkalia?" Palikuwa na watu sita au saba barabarani, wote wakacheka, na mmoja akarudia ili ambao hawakusikia nao wacheke. Nilitazama chini nikaendelea kufungua tairi. Nasema leo, kwa umri huu, mate yaliyonijaa mdomoni siku ile sijayameza bado.

Akanipa kuzirekebisha zote, mchana baada ya mchana, na huku anatangaza kwa kila anayepita kwamba tairi zikiendelea kulala, Mkimbizi anaondoka baada ya Idi. Kaka yangu akasikia. Jioni hiyo, tukila, akasema tu, "Boti za Maparoni zinaondoka Nyamisati na maji kujaa. Ulizia saa." Kwa hiyo nilikuwa natafuta mahali upepo unapotokea kama mtu anayetafuta shimo la nyoka chumbani kwake. Nilichovya gurudumu kwenye beseni, nikalizungusha polepole, nikatazama povu. Povu likitoka kwenye shina la spoku, ujue utepe umeachia ndani. Likitoka kwenye valvu, imekaa upande au imekazwa mpaka mpira wake umepasuka. Likitoka ukingoni, kuna mchanga au tairi halijakaa. Nilijifunza hayo kwa beseni na kwa hofu. Baadhi yalikuwa makosa yangu kweli, valvu mbili nilizikaza kwa spana, nikazibadilisha. Lakini utepe! Niliubandika mpya, nikaukandamiza mpaka ukucha ukanivunjika, kesho yake umeinuka, unateleza kwenye ringi kana kwamba umepakwa asali. Na ile dawa iliyotakiwa kuziba, haizibi.

Ijumaa moja Fundi alikwenda msikitini, mimi nikabaki na gurudumu la nyuma la Bi Pili. Nikalifungua lote. Badala ya dawa nyeupe ya majimaji, nikakuta mabonge. Mabonge makavu, ya kunyumbuka, yamelala chini ya tairi, na maji ya njano pembeni kama ya mtindi uliokatika. Nikachukua bonge moja, nikalivuta, likarudi. Nikalinusa. Hapo nikakaa chini kabisa, miguu imenyooka. Harufu ile naijua! Kwetu Mbwara, watoto tulikuwa tukichanja mibungo porini, tunajipaka utomvu wake mkononi toka kiganja hadi kiwiko, mweupe hivyohivyo, halafu tunakamulia ndimu ili ugande, tunaubandua na kuuviringisha kuwa mpira wa kuchezea. Hakuna mtoto wa Mbwara asiyejua kwamba utomvu bila ndimu unakawia, ukiutia ndimu unashika hapohapo. Dawa ya Bwana Edgari ilikuwa utomvu wa mpira. Na sisi tulikuwa tunaigandisha wenyewe, kwa mikono yetu, kabla mwiba haujafika.

Niliosha ringi ile kwa maji na sabuni, nikaikausha, nikabandika utepe, nikamimina dawa mpya. Kabla Fundi hajarudi nilikuwa nimeshalirudisha gurudumu kwenye baiskeli. Lilikaa. Siku moja, mbili, wiki, Bi Pili akipita ananiambia, "La nyuma zima, mwanangu, la mbele ndilo linanitesa." Nikajua nimejua.

Sasa niseme jambo ambalo miaka yote hii nimelisema kwa uongo. Nimewaambia watu, na mwanangu mwenyewe nimemwambia, kwamba nilimweleza Fundi Sefu akakataa kusikia. Sikumweleza. Nilisimama mbele ya benchi, nikasema, "Fundi, kuna jambo kuhusu dawa." Akasema, mdomo umejaa wali, "Jambo lako wewe ni ufagio." Basi. Hiyo ndiyo juhudi yangu yote. Ningeweza kusema maneno matatu zaidi. Ningeweza kumpa lile bonge mkononi alinuse. Niliinama nikachukua ufagio, na nilipokuwa nafagia nikajisikia nimejawa na furaha ya ajabu, furaha chafu, ya mtu aliyeona jirani yake anakwenda kujikwaa. Nikasema moyoni, haya, jikwae. Na wiki tatu zikapita. Wahudumu wakaendelea kusukuma baiskeli. Bi Pili akaendelea kutembea na sanduku lake kichwani, la mbele limelala, na mimi kila alipofika nilimpa maji, nikalijaza upepo lile la mbele, nikanyamaza. Kwa ajili yake yeye peke yake ningepaswa kusema. Lakini kama ningelitengeneza la mbele nalo likakaa, Fundi angesema kalitengeneza yeye. Ndivyo nilivyohesabu.

Bwana Edgari akarudi. Malalamiko yalikuwa yamemfikia, akasema wazi kwamba siku hiyo ataamua: kazi ya baiskeli inabaki Kibiti au inahamia kwa fundi mwingine Ikwiriri. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko limejaa, na kwa kuwa Kibiti hakuna siri, watu wakajipanga mbele ya karakana kama waliokuja kutazama ngoma. Bwana Edgari akataka magurudumu mawili yafungwe upya mbele yake. Fundi Sefu akasema, "La kwanza langu. La pili afunge huyu, uone mwenyewe kwa nini nateseka." Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. "Mkimbizi, ndimu."

Kila siku nilikuwa nampa nusu mbili. Siku ile nilikata tatu nzima. Nilimkamulia mimi mwenyewe, nikahakikisha hakuna tone lililobaki kwenye ganda, na nikasema "Karibu, Fundi," kwa adabu. Naye akasugua, anajigamba huku anasugua, anawaambia watu watazame ringi inavyong'aa, na Bwana Edgari alikuwa amesimama kando anaandika kwenye daftari lake, hakuona. Tairi likavishwa, kompresa ikakohoa, pa! pa!, watu wakapiga makofi. Mimi nikafunga la kwangu kwa maji na sabuni. Fundi aliliona beseni langu akacheka, "Anaogesha mtoto!" Wakacheka wote. Tukayapachika magurudumu kwenye baiskeli moja, la Fundi mbele, la kwangu nyuma, na Bi Pili akaizungusha uwanja mara kadhaa ili dawa ienee. Akarudi akashuka. Hapo Bwana Edgari akatoa mfukoni kipande cha karatasi, akakifungua, ndani mna mbigili. Akaikandamiza kwenye tairi la nyuma mpaka ikaingia yote, akaing'oa. Fyuuu, tone jeupe likaruka, akalizungusha gurudumu mara mbili, kimya. Likakaa gumu. Akaja la mbele. Fyuuu. Akalizungusha. Fyuuu. Akalizungusha tena, na tena, mpaka tairi likalala kwenye mchanga mbele ya watu wote, na ule upepo ukamalizika.

Fundi Sefu akasema dawa mbovu. Bwana Edgari akasema dawa ni ya chupa moja. Fundi akasema tairi bovu. Hapo nikapasua jipu. Nilivua tairi la mbele kwa nguvu, nikaingiza mkono, nikatoa bonge bado limelowa, nikaliinua juu watu walione. Nikaeleza habari ya mibungo na ndimu, kwa sauti kubwa, kila neno, hata mwenye duka ng'ambo ya barabara alisikia. Bwana Edgari alilishika lile bonge akaligeuzageuza. "Umelijua hili lini?" "Leo wiki ya tatu." "Wiki ya tatu! Kwa nini hukumwambia fundi wako?" Nikamtazama Fundi Sefu machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Hakuniuliza," nikasema. "Mimi jambo langu ni ufagio."

Lo, kicheko! Kibiti haijawahi kucheka vile. Mtu mmoja akapaza sauti, "Fundi Ndimu!" na jina likashika hapohapo kama utomvu wenyewe. Nilimwona Fundi Sefu anatafuta mahali pa kuweka mikono yake, imelowa maji ya ndimu, hajui aifute wapi. Akaingia ndani. Bwana Edgari akaniandika jina langu lote katika daftari lake, Somoe, na kazi ya baiskeli ikawa yangu. Kaka yangu hakutaja boti tena. Karakana ya Fundi haikumaliza mwaka. Watoto walikuwa wanapita mlangoni wakiita "Ndimuuu!" na wazazi wao wanawakemea huku wanacheka. Nami nilikodi chumba ng'ambo ya barabara, nikanunua benchi, nikalikalia. Ningekuwa mwongo nikisema sikulifurahia. Nililifurahia kila asubuhi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na mimi sikumchagulia adhabu.

Ndiyo maana siku ya hitma nilikwenda nimejiandaa. Kwetu, maiti akishazikwa, wenye msiba huwaomba watu: aliyekosewa na marehemu amsamehe, asimwachie mzigo huko aendako. Njia nzima kutoka Mbagala nilikuwa najipanga. Watakuja kwangu, wataniomba, na mimi nitakaa kimya kidogo, niwaache wangoje, halafu ndipo nitasema nimesamehe au nitasema sijasamehe, bado sijaamua ila neno litakuwa langu. Kisomo kikaisha, masinia yakaanza kupita, na msichana mmoja akaniinamia. "Mama anakuita chumbani."

Bi Havijawa alikuwa kwenye eda, amekaa juu ya godoro chini, kanga mbili, uso umekonda kuliko nilivyoukumbuka. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, kaa. Nikakaa. Nikangoja aanze.

"Siku ile nilikuja na sinia mapema," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu. Nilikusikia ukisema wiki ya tatu."

Akaendelea.

"Sijakuita umsamehe mume wangu. Yule ana Mola wake, watayamaliza. Alikuwa na ulimi mchafu, hata mimi ulinipata, si wewe peke yako. Nimekuita nikwambie kwamba mimi sijakusamehe wewe. Nisije nikafa nikakuacha unadhani yamekwisha." Hakuinua sauti. Alikuwa anakunja pindo la kanga, anakunjua. "Tangu siku ile mume wangu hakwenda sokoni. Msikitini alikaa safu ya mwisho, akatoka wa kwanza. Nyumbani hasemi. Mtu aliyekuwa anaongea mpaka unaumwa kichwa, hasemi! Namuuliza mchuzi umekolea, ananitazama. Wewe ulimnyamazia wiki tatu. Mimi kimya hicho nimekaa nacho ndani ya nyumba hii miaka kumi na minane."

Hasira yangu niliyokuja nayo niliitafuta, sikuipata. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho. "Ningerudishwa Maparoni, Bi Havijawa."

"Najua. Kwani nani alikuwa anakufichia mnofu? Nilijua ulikuwa unakimbia nini. Ungeniambia mimi basi, nikamwambie usiku mume wangu, akaamka kajua, na aibu isimkute mtu." Akaacha kukunja. "Hukuniambia kwa sababu hukutaka ajue. Ulitaka aanguke."

Kweli. Hakuna neno moja pale la kupunguza. Huko nje walikuwa wanagombania vijiko, mtu anasema wali haujatosha upande wa wanaume. Nilifungua mdomo nimwombe radhi. Maneno yalikuwepo, mepesi, hata mtoto anayajua, na nilikuwa nimesafiri nikidhani mimi ndiye nitakayeombwa. Yakakataa kutoka. Kilichotoka ni hiki: "Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa," akasema, akageukia ukutani.